Kabla Hujanunua Mtambo wa Upepo wa Mtumba Dar: Namna ya Kujua Thamani Yake Halisi

Mtambo ulikuwa umelazwa juu ya matairi mawili nyuma ya yadi moja ya Gerezani, mapanga yake matatu yamefungwa kwa kamba ya katani. Muuzaji alikuwa na maneno yake tayari: "Kaka, hii ni kilowati moja, imetoka Ulaya, imekaa hotelini miaka miwili tu." Kibandiko nacho kilisema hivyohivyo, 1000W. Nikalipa. Nikaupandisha juu ya paa langu Kigamboni, na kwa miezi saba sikuuona ukivuka wati 150, hata siku ambazo kusi ilikuwa inang'oa nguo kambani.

Lawama sikuzitupia upepo. Mapanga yale, kutoka ncha hadi ncha, yalizunguka duara la mita 1.2. Duara la ukubwa huo halitoi kilowati moja kwa upepo ambao watengenezaji hupimia. Ningekuwa na futi mfukoni siku ile ningeligundua hilo kwa dakika mbili, kabla hela haijatoka. Tangu hapo kila anayeniomba nimsindikize kuangalia mtambo naenda na futi, mita ya umeme, mizani ndogo ya jikoni na daftari. Mwongozo huu ni kile ninachokifanya na vitu hivyo vinne, pamoja na hesabu ninayoipiga kabla sijataja bei.

Anza nyumbani, si yadini

Mtambo uleule unaweza kuwa na thamani ya milioni moja pale Kimbiji na usiwe na thamani yoyote Sinza. Kinachobadilika ni upepo. Na upepo una tabia moja ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya biashara hii: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Upepo wa mita 3 kwa sekunde na ule wa mita 6 kwa sekunde huwezi kuvitofautisha sana ukiwa umekaa barazani, lakini kwa mtambo ni tofauti ya kijiko na ndoo.

Sisi wa pwani tuna bahati ya kuujua upepo wetu kwa majina. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na kuendelea, na katikati kuna tanga mbili, wakati upepo haueleweki na mtambo hulala. Mchana, upepo wa bahari huongeza nguvu. Usiku mara nyingi hutulia. Mtu akikuonyesha mtambo wake ukizunguka kwa fujo saa tisa alasiri mwezi wa Julai, amekuchagulia saa nzuri ya siku na mwezi mzuri wa mwaka. Rudi alfajiri.

Kama huna kipima upepo, tumia macho, kwa vipimo vya Beaufort, ngazi ya kasi ya upepo iliyoanzia kwa mabaharia na baadaye ikawekewa alama za nchi kavu. Ukiusikia upepo usoni na majani yanachakarika tu, hiyo ni kasi ya mita 1.6 hadi 3.3 kwa sekunde, na mitambo mingi ya nyumbani ndiyo kwanza inafikiria kuanza. Majani na vijitawi vikitikisika bila kupumzika na bendera nyepesi ikikunjuka, ni mita 3.4 hadi 5.4. Vumbi na karatasi zikiinuka na matawi madogo yakiyumba, ni mita 5.5 hadi 7.9. Angalia bendera ya shule iliyo karibu nawe asubuhi, alasiri na usiku kwa wiki mbili, uandike. Takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni nzuri kwa kujua msimu, lakini upepo wa uwanja wa ndege hupimwa mahali peupe. Kwako kuna mwembe wa jirani na ghorofa la mtaa wa pili.

Hapo kwenye vizuizi niseme kwa nguvu, kwa sababu ndipo watu wanapopotezea hela. Kanuni inayotumika ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe angalau mita 10 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Kwa nyumba iliyozungukwa na minazi ya mita 15, maana yake ni mlingoti unaozidi mita 25. Upepo uliopita katikati ya nyumba na miti huja kwa vishindo na vizunguko. Mtambo unazungushwa huku na huku, unachoka, hautoi umeme. Mtu wa Manzese, Tandale au Buguruni simshauri anunue mtambo wa upepo hata kwa bei ya bure. Wa Kigamboni upande wa bahari, Kunduchi, Mbweni, au mwenye kiwanja cheupe Pemba Mnazi, tuendelee kuzungumza.

Futi kwanza, kibandiko baadaye

Pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga moja. Zidisha urefu huo kwa urefu huohuo, kisha kwa 3.14. Umepata eneo ambalo mapanga yanafagia, kwa mita za mraba. Panga la mita 1 linafagia mita za mraba 3.14, panga la sentimita 60, kama langu, linafagia 1.13 tu.

Upepo wa mita 12 kwa sekunde, kasi ambayo watengenezaji wengi hupimia wati za kibandiko, hubeba karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba kwa hewa yetu ya joto. Mjerumani Albert Betz alikokotoa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hakuna panga linaloweza kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo. Mitambo ya nyumbani, ikiwa imetengenezwa vizuri, huchukua kama asilimia 30. Kwa hiyo kanuni yangu ya yadini ni fupi: eneo mara 300. Mtambo wangu wa "kilowati moja": 1.13 mara 300, wati 340. Hata kwa kikomo cha Betz usingefika 700.

Kanuni hii haiwaonei watengenezaji wakweli. Air X ya Marekani, ambayo utaikuta kwenye mashua nyingi za kitalii, ina duara la mita 1.15 na imeandikwa wati 400. Hesabu yetu inatoa 310 na kitu, na ukikumbuka kwamba wao hupimia upepo wa mita 12.5 na hewa nzito zaidi ya nchi za baridi, namba zinakaribiana. Skystream 3.7, yenye duara la mita 3.7, imeandikwa wati 2400 wakati hesabu yetu inafika 3200. Kibandiko kikizidi hesabu yako mara mbili au tatu, kisome kama tangazo tu, kisha ujiulize ni nini kingine kwenye mtambo huo kimeandikwa hivyohivyo.

Ile inayosimama wima kama pipa au kama maua, zidisha kimo chake kwa upana wake upate eneo, kisha tumia 150 badala ya 300. Inapendeza kwa macho lakini hutoa kidogo.

Andika pia jina la mtengenezaji na uhakikishe kama bado yupo. Southwest Windpower, waliotengeneza Skystream na Air X, walifunga mwaka 2013. Mitambo ya Air ikaendelezwa na kampuni nyingine, Primus, lakini mwenye Skystream leo anatafuta spea kwa shida. Proven ya Scotland nayo iliingia mikononi mwa wafilisi mwaka 2011. Mtambo mzuri usio na spea hununuliwa kwa bei ya mtambo utakaokufa siku kitu kimoja kikivunjika.

Kuukagua mwili wake

Anza na mapanga, ukiwa juani. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele, ule unaokata upepo, kutoka shina hadi ncha. Ukingo mzima ni laini kama sahani. Uliolika unakwaruza kama msasa, kwa sababu mchanga na matone ya mvua vimeula. Huo unapoteza umeme na kuongeza kelele, ingawa unaweza kutengenezwa kwa resini na msasa. Kisichotengenezeka ni ufa kwenye shina, pale panga linapofungwa na bolti. Lowanisha mahali hapo kwa kitambaa, kisha kausha: maji yatabaki ndani ya ufa na utauona kama unywele mweusi. Ukiuona, mapanga hayo hesabu sifuri. Panga linalochomoka katika mzunguko wa kasi linaua mtu.

Yapime mapanga matatu moja moja kwenye mizani. Yakitofautiana zaidi ya gramu chache, ama moja limebadilishwa, ama moja limenyonya maji. Mtambo usio na mizani sawa hutetemesha mlingoti hadi bolti zilegee. Muulize muuzaji pia ulikuwa wapi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita Mafia na pwani yetu. Jibu lenyewe si muhimu sana, lakini utasikia kama anaijua historia ya mtambo anaouuza.

Sasa shika kitovu uzungushe taratibu, sikio karibu na shafti. Beringi nzima haina sauti. Iliyokufa inasaga kama mchanga kati ya meno. Vuta shafti nje, sukuma ndani, inua juu: kucheza kokote unakokisikia mkononi ni beringi. Hilo lisikutishe. Beringi ina namba kwenye uso wake, kwa mfano 6205 2RS, yaani tundu la milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, imefungwa pande zote mbili, na Kariakoo utaipata mtaa wowote wa spea. Ni hoja nzuri ya kupunguza bei, na kwa ubovu huo peke yake usiondoke.

Kinachoamua ni jenereta yenyewe. Mitambo mingi hutoa nyaya tatu. Ziache wazi, zungusha: ukute inazunguka kirahisi, pengine kwa vijikwaruzo vidogo vya sumaku. Sasa gusisha nyaya mbili kati ya tatu, zungusha tena. Lazima uwe mzito. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu, na uzito uwe uleule. Jozi yoyote ikiwa nyepesi, kuna koili (waya uliosokotwa ndani ya jenereta) iliyokatika. Gusisha zote tatu pamoja: mzunguko uwe mzito na laini kama kijiko ndani ya asali. Ukizunguka kwa kurukaruka, tatizo liko ndani. Na ukiwa mzito hata nyaya zikiwa wazi, kuna koili zilizoungana kwa kuungua, au sumaku inagusa mahali isipotakiwa kugusa.

Kisha weka mita kwenye volti za AC, mwenzako azungushe kwa kasi moja, upime jozi zote tatu. Namba zikaribiane sana. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye chuma kitupu cha mwili: isisome kitu. Ikisoma, insulesheni imeoza, na kwenye unyevu wa Dar itaoza zaidi. Mitambo kama Air X ina kontrola, yaani kifaa cha kudhibiti umeme unaoingia kwenye betri, ndani yake, na hutoa umeme kwa nyaya mbili, chanya na hasi. Hiyo ukiunganisha mbili hizo unatakiwa uhisi breki.

Kuhusu sumaku: za neodimia zisipopakwa vizuri hupata kutu, na kutu ya chumvi huzivimbisha hadi zinasugua koili. Huko ndiko wa kwangu ulikokufia mwishowe. Nilipoufungua, unga wa kahawia ulimwagika mezani kama kahawa iliyosagwa. Sumaku za kawaida za aina hiyo huanza pia kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80 hivi, kwa hiyo jenereta iliyowahi kuungua koili, hata ikifungwa upya, huenda isirudi ilivyokuwa. Usikubali kuzitenganisha sahani za sumaku kwa mikono hapo yadini kwa udadisi. Zinaponasana zinakata vidole.

Mkia nao: ule unaojikunja wakati wa upepo mkali ndio unaoulinda mtambo. Sukuma uone unakunjika na kurudi. Uliochomelewa usikunjike ni ishara kwamba kuna fundi aliyechoka na bawaba akaamua kucheza na bahati. Zungusha kichwa kizima juu ya bomba lake, kisha angalia pale bolti za chuma kisichoshika kutu zinapogusana na aluminiamu: kwenye chumvi ya bahari, aluminiamu hapo hugeuka unga mweupe.

Vitu ambavyo hawakupi

Mtambo wa mtumba mara nyingi huja uchi. Hauna kontrola, hauna mlingoti, hauna nyaya. Kontrola ya sola usiitumie peke yake: betri ikijaa, inaukata mtambo, na mtambo usio na mzigo hukimbia hadi ujivunje. Unahitaji kontrola ya upepo yenye hita ya kumwagia umeme wa ziada, na volti zake zilingane na za mtambo na betri, ziwe 12, 24 au 48. Mlingoti, nyaya za stei za kuushikilia, zege la misingi na kazi ya fundi wa kuchomelea mara nyingi hupita bei ya mtambo wenyewe. Pata makisio ya fundi kabla ya kurudi yadini, usikisie mwenyewe.

Sasa bei

Mtambo una bei tatu. Ya chini kabisa ni ya chuma chakavu: kilo za shaba iliyo ndani ya koili, aluminiamu na chuma, kwa bei ya siku hiyo. Ya kati ni ya spea: mapanga mazima, mkia, beringi. Ya juu ni ya umeme utakaoutoa kwako, na hiyo ndiyo ya kuhesabu kwa makini.

Kwa mwezi, kila mita ya mraba ya duara lenye afya hutoa, kwa makadirio yangu, uniti 5 kama wastani wa upepo kwenye kimo cha mapanga ni mita 3 kwa sekunde, uniti 13 ukiwa mita 4, na uniti 25 ukiwa mita 5. Chukua mtambo wa duara la mita 2, ulioandikwa 2000W, muuzaji anataka milioni 1.8. Eneo ni 3.14. Kwako wastani ni mita 4. Utapata uniti 41 kwa mwezi.

Mteja wa TANESCO wa matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inakuwa karibu 356. Uniti 41 ni shilingi 14,600 kwa mwezi, kama 175,000 kwa mwaka, 875,000 kwa miaka mitano, na miaka mitano ndiyo ninayoupa mtambo wa mtumba pwani. Ondoa mlingoti na misingi, tuseme 400,000. Ondoa kontrola, tuseme 150,000. Beringi, rangi na resini, 60,000. Zimebaki 265,000, na betri hatujazigusa. Hiyo ndiyo thamani ya mtambo wa milioni 1.8 kwako.

Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti yako ni karibu shilingi 122. Mtambo uleule utakuokolea kama 300,000 kwa miaka mitano, hela isiyotosha hata kulipia mlingoti. Mama mmoja wa Kibada nilimpigia hesabu hii mezani kwake, LUKU yake ikiwa mkononi, akaamua hela yake aiweke kwenye tangi la maji. Nilifurahi kuliko ningemuuzia kazi ya ufungaji.

Hesabu inabadilika pale umeme wa gridi haujafika. Kwa bandari ndogo ya wavuvi au shamba la Buyuni linaloendeshwa na jenereta ya petroli, kila uniti inakula nusu lita au zaidi, na uniti hiyo inagharimu mara kadhaa ya ile ya LUKU. Huko mtambo mzima wa mita 2 unaweza kustahili bei inayoombwa. Lakini hata huko ulinganishe na sola. Panel ya wati 300 Dar hutoa uniti moja na kidogo kwa siku ya jua, zaidi ya 30 kwa mwezi, haina beringi wala mlingoti. Mtambo wetu wa uniti 41 unashindana na panel moja na robo hivi. Upepo unastahili kuongezwa bei pale tu unapojaza pengo la sola: zile nyakati za usiku ambazo kusi haitulii, na siku za masika jua linapojificha.

Ukirudi yadini

Usianze kwa kutaja bei. Mwombe muuzaji akushikie mapanga wakati unapima, mwache aone mizani, mwache asikie ile beringi. Ukisema baadaye, "Mzee wangu, jozi hii ya nyaya ni nyepesi, koili moja imekufa," unazungumzia kitu alichokiona kwa macho yake. Mtambo wenye ufa kwenye shina la panga, koili iliyokatika au sumaku zenye kutu, mlipe bei ya chakavu au uondoke. Beringi, rangi na mkia mgumu, punguza gharama zake mara moja na nusu, kwa sababu utakutana na kingine utakapofungua. Ukikubaliana, andikishana kwamba utarudisha ndani ya siku kadhaa kama jenereta haitatoa volti sawa kwenye jozi zote ukizungusha kwa drili nyumbani. Muuzaji anayekataa maandishi hayo amekupa bei yake ya kweli.

Mapanga yasafirishe yamefunguliwa, yamezungushiwa godoro kuukuu, si yakining'inia nyuma ya bajaji. Na siku ya kuupandisha, kabla winchi haijaanza kuvuta, sokota nyaya zote tatu pamoja pale chini ya mlingoti na uzifunge kwa tepu. Mtambo utapanda ukiwa na breki, na fundi aliye juu hatakutana na panga linalozunguka. Utazifungua pale tu kontrola na betri zitakapokuwa zimeunganishwa na kukaguliwa mara mbili.